Antena ya waya wa shaba: shajara ya kurudisha televisheni ya bure sebuleni, Bombo

8 Juni 2025: Lengo

Nataka chaneli za bure zionekane nyumbani kwa antena ya kujitengenezea, bila malipo ya kila mwezi, na picha iwe imetulia kabla ya Agosti, CHAN, yale mashindano ya mpira ya mataifa ya Afrika, itakapoanza hapa kwetu Uganda, pamoja na Kenya na Tanzania.

Mpira ni sababu moja tu. Malipo ya dekoda yakiisha, nyumba yetu hutawanyika. Vijana huenda kwenye kibanda cha video kule steji, wasichana huinamia simu mpaka data iishe, na haboba, yaani bibi yetu, hubaki sebuleni na redio yake na ususi wake. Idd ya juzi watu wote walikuwepo, tukala pamoja, na ilipofika saa mbili usiku kila mtu alikuwa ameshashika njia yake. Nataka sebule hii iwe na watu usiku.

Kwa anayetaka kufuata, mambo ya msingi ni haya. Uganda ilihama kutoka analojia kwenda dijitali mwaka 2015, na mfumo unaotumika ni DVB-T2. Kama televisheni yako ni ya miaka ya karibuni, angalia kibandiko cha nyuma au menyu ya kutafuta chaneli. Ukiona T2, huhitaji dekoda yoyote, antena inatosha. Yetu inayo. Kutoka Bombo mpaka minara ya televisheni ya kilima cha Kololo, Kampala, ni karibu kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, upande wa kusini, ukiegemea mashariki kidogo. Kwa umbali huo antena ya nje inahitajika. Ile ndogo ya kuweka juu ya televisheni haitoshi.

14 Juni: Antena ya baba

Juu ya paa bado kuna antena ya alumini aliyoiweka baba enzi za UTV, televisheni ya taifa ya zamani. Nimeifuta kutu, nikaifungia kebo mpya na kuielekeza Kololo. Televisheni haikukamata chaneli hata moja.

Sababu iko kwenye urefu wa mbavu zake. Mawimbi ya UTV ya zamani yalikuwa marefu, kwa hiyo mbavu za antena ile zinakaribia mita. Televisheni ya dijitali iko kwenye UHF, masafa ya mawimbi mafupi zaidi, kati ya MHz 470 na 694. Ukitaka kujua urefu wa wimbi kwa sentimita, gawa 30,000 kwa idadi ya MHz. Kwenye MHz 600 wimbi zima ni sentimita 50, na nusu yake ni 25. Ndiyo maana antena za sasa za majirani zina mbavu fupi za kiganja kimoja na kidogo.

Antena ya baba sijaiuza kwa wanunuzi wa vyuma. Fito yake ya katikati ni nzima na nitaitumia kama mkono wa kushikia antena mpya.

21 Juni: Kukunja waya

Nimechagua umbo la nane: miraba miwili iliyosimama kwa pembe, mmoja juu ya mwingine. Halihitaji mirija ya alumini wala kifaa cha kulinganisha kebo, na vipimo vyake vinasamehe makosa madogo.

Nimelenga katikati ya masafa, karibu MHz 575, ambako robo ya wimbi ni sentimita 13. Hiyo ndiyo pande moja ya mraba. Pande nane zinahitaji sentimita 104 za waya. Nimenunua mita moja na nusu ya waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, ule mgumu wa uzi mmoja wanaotumia mafundi umeme, kwa shilingi 7,000. Usichukue ule wa nyuzi nyingi laini, haushiki umbo.

Menya plastiki, nyoosha waya, kisha tia alama kila sentimita 13. Kunja pembe ya mraba kwenye alama tatu za kwanza, zote upande mmoja. Kwenye alama ya nne, yaani sentimita 52, kunja upande wa pili. Alama tatu zinazofuata zirudi upande ule wa kwanza. Ncha mbili za waya zitakutana katikati, zikitazamana na kona ile ya sentimita 52. Acha mwanya wa sentimita moja na nusu kati ya ncha hizo na kona hiyo. Usipoacha mwanya huo, umetengeneza pambo la ukutani.

Nyuma ya nane kunakuwa na wavu wa kurudisha mawimbi mbele. Nimekata wavu wa kuku, sentimita 50 kwa 40, nikaubana kwenye ubao. Umbali kati ya waya na wavu ni sentimita 6 na nusu, na nimeushikilia kwa vipande vya bomba la plastiki la maji. Wavu, shilingi 8,000. Ubao na plastiki vilikuwepo nyumbani.

28 Juni: Nguvu ipo, ubora sifuri

Jaribio la kwanza, antena ikiwa juu ya ngazi uani. Menyu ilionyesha nguvu ya mawimbi asilimia sitini na zaidi, lakini mstari wa ubora haukusogea. Hakuna chaneli.

Kosa lilikuwa pale kebo inapokutana na waya. Kebo ya antena ina uzi wa katikati na wavu mwembamba unaouzunguka. Uzi huunganishwa kwenye kona moja ya katikati, ile ya sentimita 52, na wavu kwenye kona ya pili, pale ncha mbili zinapokutana. Unyuzi mmoja wa ule wavu, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umepinda na kugusa uzi wa kati. Kwa macho ilikuwa vigumu kuuona. Niliupata kwa mita ya umeme ya fundi wa redio wa sokoni: kabla ya kuunganisha kebo kwenye antena, pima uzi na wavu. Mita ikilia, kuna mahali vimegusana.

Fundi alikata ncha ile, akamenya upya na kuunganisha kwa risasi ya kuyeyusha. Alidai 5,000 na nikamlipa kwa moyo wote, maana kiungo cha kusokota kwa mkono hushika kutu ndani ya miezi michache. Kebo yenyewe ni RG6, mita 20 kwa 30,000. Kuna ya bei rahisi zaidi, lakini ikate uione ndani: wavu wake una nyuzi za kuhesabika, na mawimbi mengi hupotelea njiani kabla ya kufika sebuleni. Viunganishi vya kusokota vya kichwani, 4,000 kwa pakiti.

Jioni hiyo hiyo picha ya kwanza ilitoka. Haboba alikuwa amekaa mkekani, akainua kichwa na kusema, "Mashallah, mjukuu wangu, sasa ipandishe juu kabla mbuzi hawajaila."

5 Julai: Kusimama au kulala

Kwa muda nilikuwa nimeilaza antena ubavu, nane ikitazama pembeni, kwa kuwa ilikaa vizuri zaidi kwenye mkono wa fito. Chaneli zilikuwa zinakuja na kuondoka. Nikatazama paa za majirani: mbavu za antena zao zote zimelala sambamba na ardhi, maana yake mawimbi ya huku yanatumwa yakiwa yamelala. Umbo la nane hufanya kinyume cha unavyodhani. Ili lipokee mawimbi yaliyolala, lenyewe linapaswa kusimama wima. Nililisimamisha na ubora ukaruka papo hapo. Haikunigharimu chochote.

13 Julai: Busta

Hapa ndipo pesa ilipotea, kwa hiyo naeleza kwa kirefu.

Baadhi ya chaneli zilikuwa bado zinakatika usiku, picha inavunjika vipande vya mraba na sauti inakwaruza. Muuzaji mmoja mjini alinihakikishia kwamba dawa ni busta ya kuongeza nguvu, shilingi 35,000. Niliifunga chini ya antena. Mstari wa nguvu ulipanda mpaka karibu na mwisho. Mstari wa ubora ukashuka, na chaneli zilizokuwa nzuri zikapotea.

Nguvu na ubora ni vitu viwili. Nguvu ni wingi wa kila kinachoingia kwenye kebo, kizuri na kibaya pamoja. Ubora ni kiasi ambacho televisheni inaweza kukisoma bila kukosea. Busta hukuza vyote, hata mawimbi ya simu, ambayo yako juu kidogo tu ya masafa ya televisheni, na mtaani kwetu mnara wa simu uko karibu kuliko Kololo kwa mbali sana. Busta ya bei ile haichuji. Inajaa mawimbi ya simu na kuyavuruga yale ya televisheni.

Enzi za analojia, mawimbi yakidhoofika picha ilijaa chenga lakini ungeendelea kuangalia. Dijitali haina hali hiyo ya katikati. Picha ni safi mpaka mahali fulani, halafu inaanguka yote. Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliye karibu na mji: usinunue busta kabla hujamaliza kazi ya antena yenyewe, kimo chake, mwelekeo wake na kebo yake. Busta ina nafasi yake mbali kule mawimbi ni haba kweli na hakuna mnara wa simu jirani. Yangu imo sandukuni, muuzaji hakukubali kuirudisha.

20 Julai: Mabati, mfenesi na kimo

Chaneli hazitumwi moja moja. Zinafungwa mafungu, na kila fungu lina masafa yake. Ndiyo maana zikipotea hupotea kwa kundi. Kwetu fungu moja lilikuwa imara mchana na usiku, na lingine halikamatiki kabisa, ingawa yote yanatoka upande ule ule.

Nilidhani ni mfenesi wa jirani, ulio katikati ya njia ya kwenda Kololo. Majani mabichi, hasa yakiwa na maji, hunywa mawimbi ya UHF. Lakini mfenesi ungeyaumiza mafungu yote, haungechagua moja. Kinachochagua ni paa la mabati. Wimbi moja hufika kwenye antena moja kwa moja, lingine hugonga bati kwanza na kufika likiwa limechelewa kidogo. Kwenye masafa fulani hayo mawili husaidiana, kwenye masafa mengine huuana. Ukibadilisha kimo, hesabu inabadilika.

Nikanunua bomba la chuma la futi ishirini kwa 48,000 na vibano vya 6,000, nikalifunga kwenye ukuta wa pembeni badala ya kulisimamisha juu ya bati. Shemeji alishika bomba, mdogo wangu alikaa dirishani akisoma ubora kwa sauti, nami nikawa naisogeza antena polepole. Kila ukisogeza, ngoja. Televisheni huchukua sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha hesabu mpya, na ukiharakisha utapita mahali pazuri bila kujua. Karibu mita moja na nusu juu ya pale pa zamani, fungu lililokuwa limekufa likafufuka, na lile la kwanza likabaki palepale. Hapo pia tumeupita mfenesi kwa kimo, na mti wa mtu umesalimika.

UBC, NTV, NBS na Bukedde zote sasa zinaingia bila kukatika, pamoja na nyingine ambazo sijapata muda wa kuzitazama.

4 Agosti: Mechi ya kwanza

Uganda imefungwa 3–0 na Algeria pale Namboole. Picha haikuvunjika hata mara moja. Sebule ilijaa mpaka mlangoni, watu wakaondoka kimya. Antena imefaulu mtihani wake, timu bado ina mechi.

9 Agosti: Sauti, jambo ambalo sikulipanga

Jana tumeipiga Guinea 3–0 na nyumba nzima ilikuwa inapiga kelele. Katika makelele hayo nikagundua kwamba haboba hasikii mtangazaji.

Haboba anasuka makawa ya kufunikia chakula na mikeka, kazi aliyojifunza kwa mama yake kama wanawake wengi Wanubi wa hapa Bombo. Mikono yake haisimami, na macho yake yako kwenye ukindu uliotiwa rangi nyekundu na kijani. Televisheni anaiangalia kwa masikio. Ndiyo maana anapenda taarifa ya habari ya Kiswahili na filamu zilizotiwa sauti na mavijei. Watu wa nje hustaajabu kuona VJ Jingo au VJ Junior akisimulia filamu nzima kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji, lakini kwa mtu anayesuka, anayepika au anayenyonyesha, msimulizi ndiye anayemwezesha kuwa ndani ya hadithi. Maandishi ya chini ya picha hayamfai. Nimemwona akicheka mahali penyewe bila kuinua macho.

Sasa, televisheni hizi bapa zina spika ndogo zinazotazama nyuma au chini. Yetu ilikuwa imebanwa ukutani, na sauti yote ilikuwa inagonga tofali na kurudi imefifia. Kuongeza sauti hakukusaidia. Makelele yaliongezeka na maneno yalibaki yamefunikwa.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza nimeivuta televisheni mbele, kiganja kizima kutoka ukutani. Pili, nimeunganisha redio ya zamani ya haboba kwenye tundu la vipokea sauti vya masikioni, kwa waya wa shilingi 10,000, na kuiweka upande wa mkeka wake. Jihadhari na jambo moja: kwenye televisheni nyingi, ukichomeka waya kwenye tundu hilo spika zake hunyamaza zote. Ingia kwenye menyu ya sauti utafute mpangilio wa kuruhusu zote mbili. Yetu ilikuwa nao. Kama yako haina, redio peke yake itatosha sebule ya kawaida, mradi iwe na spika nzuri.

Katika kazi yote hii, hii ndiyo ninayoiona kubwa. Tulikuwa tunahangaikia picha, na aliyekaa karibu zaidi na televisheni kila usiku alikuwa anahitaji sauti.

19 Agosti: Rimoti

Jana 3–3 na Afrika Kusini, na tumeingia robo fainali. Umeme haukukatika, alhamdulillahi.

Televisheni moja na watu wengi huleta ugomvi, basi tumekaa tukakubaliana. Baada ya isha ni habari, kisha filamu ya haboba. Siku ya mechi mpira unatangulia. Watoto wana asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Vijana wamerudi kutoka kibandani kwa hiari yao, ingawa Ligi ya Uingereza bado wanaifuata huko, kwa kuwa antena hii haiwezi kuleta chaneli za kulipia. Nalisema wazi kwa anayefikiria kuiga: ukitaka mechi za Ulaya kila wiki, mradi huu hautakupa.

23 Agosti

Senegal 1, Uganda 0. Tumetoka. Mama alikuwa ameshakaanga sambusa za kushangilia, tukazila.

13 Septemba: Mvua

Mvua za pili zimeanza na ubora ukaanza kushuka siku kwa siku, hata kukiwa na jua. Hilo lilinionyesha kwamba tatizo si mawingu. Nilishusha bomba, nikafungua kiungo cha juu, matone yakatoka ndani ya kebo. Maji yakiingia hutembea ndani ya ule wavu mwembamba, na shaba inageuka nyeusi.

Nilikata sehemu iliyoharibika mpaka nikafika kwenye wavu unaong'aa, nikaunganisha upya. Kisha kiungo kizima nimekipaka silikoni ya madirisha (9,000), na juu yake nimezungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikianzia chini kwenda juu ili maji yateremke juu ya mikunjo bila kuingia. Kebo isiteremke moja kwa moja kutoka kwenye antena mpaka dirishani. Ipinde iwe na tumbo chini ya usawa wa tundu la ukuta, maji yadondokee hapo nje.

Hapo hapo nimemaliza kazi ya radi. Bomba la chuma lililopita kimo cha paa haliwezi kuachwa hivi hivi katika nchi yenye radi nyingi kama yetu. Watu wa Kiryandongo hawajasahau mwaka 2011, radi ilipoua wanafunzi 18 darasani. Nimepigilia nondo ya shaba ardhini karibu na msingi wa bomba, nikaiunganisha na bomba kwa waya mnene, vyote 40,000. Hiyo haizuii radi kupiga, inaipa njia ya kwenda ardhini. Kwa hiyo wingu likinguruma, kebo inachomolewa kwenye televisheni na plagi inatolewa ukutani, hata kama filamu imefika patamu. Haboba mwenyewe ndiye msimamizi wa amri hiyo.

27 Septemba: Gharama na inayofuata

Waya wa shaba, wavu, kebo, viunganishi, fundi, bomba na vibano, waya wa sauti, silikoni na nondo ya ardhini: jumla 167,000. Busta ya 35,000 siihesabu, wewe usiinunue. Dekoda ya kulipia ilikuwa inakula 40,000 kwa mwezi, hivyo katika mwezi wa tano pesa imesharudi. Aliye na bomba au mti mrefu wa kusimamishia atatumia pungufu sana, ila nondo ya ardhini asiikwepe.

Hajati wa nyumba ya pili ameomba ya kwake, na kazi yote, kukunja mpaka kufunga, imeisha ndani ya alasiri moja kwa kuwa kimo kinachofaa mtaani kwetu kimeshajulikana. Inayofuata ni ya mjomba, Wobulenzi, mbele zaidi kwenye barabara hii hii ya kaskazini. Kule mawimbi yatakuwa dhaifu, kwa hiyo nitaongeza wavu uwe mpana zaidi na kupandisha bomba kwanza. Nikishindwa, hapo ndipo busta itatoka sandukuni, ikiwa hakuna mnara wa simu jirani. Vipimo nitaviandika hapa vikishapatikana.